Tamthilia moja, nakala nyingi: kwa nini watazamaji wa Lubumbashi hawaelewani

Mtu akikuambia amefika epizodi ya 60 ya tamthilia ya Kituruki, bado hajakuambia yuko wapi. Huenda yuko katikati ya hadithi, huenda amebakiza siku chache amalize, huenda hata robo hajafika. Ndipo unapoanzia ugomvi mwingi unaosikika katika saluni za Katuba na mbele ya vibanda vya Kenya, zote komini za Lubumbashi, na ndani ya taksibasi zinazoshuka mjini. Mmoja anasema mama mkwe yule ni shetani mtupu, wa pili anamtetea, wa tatu anaingia kati: “Lakini uyu alishakufa!” Wa pili anakasirika kwa sababu amefichuliwa jambo ambalo hakutaka kulijua, na wa kwanza anaapa kwamba jana usiku alimwona mzima.

Wote watatu wanasema kweli. Kila mmoja ana nakala yake, na nakala hizo hazilingani kwa urefu, kwa sauti, kwa namba, mara nyingine hata kwa jina. Tofauti ya ladha ipo, lakini ni ndogo kuliko tunavyodhani.

Namba zinazodanganya

Nchini Uturuki tamthilia kubwa huonyeshwa mara moja kwa wiki, usiku kuanzia saa mbili, na epizodi moja huenda dakika 120 hadi 150 bila kuhesabu matangazo. Kituo cha nje kinachoinunua hakina nafasi hiyo kila siku. Kwa hiyo epizodi moja hukatwa vipande viwili au vitatu vya dakika 45 hivi, na kila kipande hupewa namba mpya. Chukua Kara Sevda, ambayo wengine wanaijua kwa jina la Endless Love. Uturuki iliisha kwa epizodi 74 mwaka 2017, mwaka uleule iliposhinda tuzo ya Emmy ya kimataifa ya telenovela bora. Piga hesabu: 74 mara dakika 120 ni dakika 8,880, gawanya kwa 45, unakaribia 200. Anayetazama nakala ndefu yenye maandishi chini ya picha, epizodi yake ya 20 inamalizikia karibu na ya 53 ya jirani anayefuata kwenye satelaiti. Wakikutana na kutajiana namba tu, wataachana mbali sana.

Ukataji huo una matokeo mengine ambayo watu humlaumu mwandishi bure. Mwandishi wa Kituruki huweka tukio la kukata pumzi mwishoni mwa dakika zake 130. Akija mkataji na mkasi wake, kipande cha kwanza na cha pili vinaishia popote: mtu ananywa chai, mlango unafunguliwa, basi. Cha tatu peke yake ndicho kinachofunga kwa kishindo. Ukisikia mtu analalamika kwamba “epizodi zinaisha ovyo, halafu ghafla moja inaisha vizuri”, amegundua mshono bila kujua.

Telenovela za Mexico hazina tabu hiyo sana. Zilitengenezwa tangu mwanzo kwa ajili ya siku tano za wiki, epizodi moja dakika 40 hadi 45, kwa hiyo namba yake hubaki karibu na ya asili. Za India ni kinyume: nyumbani kwao hupewa nafasi ya nusu saa, na ukiondoa matangazo hubaki dakika 20 na kitu, vituo vinavyozileta Afrika mara nyingi huunganisha mbili au zaidi kuwa moja, hivyo namba hupungua badala ya kuongezeka. Za Korea ndizo rahisi kujadili kuliko zote. Nyingi zina epizodi 16 za saa moja hivi, hazikatwi, hazirefushwi. Wawili wakisema wako ya 9, wako pamoja kweli.

Kuhusu neno “sezoni”, tahadhari. Uturuki sezoni huanza Septemba na kufunga Juni, na hapo kuna mapumziko ya kweli. Telenovela ya zamani ya Mexico ina hadithi moja tu inayoanza na kuisha. Lakini kwa muuzaji wa soko la Kenya, sezoni ya pili huanza pale flashi ya kwanza ilipojaa.

Jina ni lile, hadithi nyingine

Kuna ubishi ambao hauna dawa mpaka mtu aulize mwaka. Rubí ya Mexico iliyotoka 2004, yenye Bárbara Mori, ina epizodi zaidi ya 100. Mwaka 2020 kampuni ya Televisa iliitengeneza upya, fupi, chini ya epizodi 30, na Rubí akawa Camila Sodi. Mama aliyeitazama ile ya kwanza na binti anayeitazama hii ya sasa wanaweza kubishana wiki nzima juu ya kama Rubí anastahili huruma, kumbe ni watu wawili tofauti waliopewa jina moja.

Upande mwingine, hadithi moja huja na majina mengi. Muhteşem Yüzyıl, habari za Sultani Süleyman na mkewe Hürrem katika jumba la kifalme, ilionyeshwa Uturuki kuanzia 2011 hadi 2014 kwa epizodi 139. Kwa Kiingereza ikaitwa Magnificent Century. Watanzania walioitazama kwa Kiswahili wanaijua kama Sultan. Kumkum Bhagya ya India kwenye chaneli ya Zee World inaitwa Twist of Fate. Kabla ya kusema “hiyo sijaiona”, taja wahusika wawili na kazi zao. Majina ya wahusika hubadilishwa mara chache kuliko jina la tamthilia.

Unamsikia nani?

Nakala nyingi zinazotazamwa Lubumbashi zina sauti ya Kifaransa iliyotiwa juu. Kazi hiyo hufanyika hivi: mtengenezaji huuza picha pamoja na mkondo mmoja wa sauti wenye muziki na vishindo tu, bila maneno, studio ya mnunuzi hujaza maneno. Wimbo ambao haki zake hazikuuzwa pamoja na tamthilia huondolewa, unawekwa muziki wa kawaida. Kwa hiyo aliyeona mazishi kwa wimbo wa asili akalia, na aliyeyaona kwa kinanda cha studio akapiga miayo, wote wana sababu.

Hapo ndipo hukumu nyingi juu ya waigizaji zinapopotoka. “Yule mwanamke haigizi, anapiga kelele tu.” Anayepiga kelele ni mwanamke mwingine, aliyesimama mbele ya maikrofoni katika chumba kisicho na dirisha. Kipimo ni rahisi: zima sauti dakika mbili katika tukio zito, tazama macho, mabega na mikono. Ukiona bado inakuchoma, mwigizaji anajua kazi na kosa ni la studio. Ukiona mbao, basi ni mbao.

Halafu kuna tafsiri ya pili, ile ya sebuleni. Katika parseli nyingi, yaani nyua za makazi, si kila mtu anafuata Kifaransa cha haraka, kwa hiyo kijana mmoja hugeuza maneno kwa Kiswahili papo hapo. Akitafsiri sentensi moja, mbili zimepita. Anachobakiza ni kiini, na kiini anakichagua yeye. Kukiwa na maandishi chini ya picha ni vigumu zaidi, maana mistari miwili hukaa sekunde chache tu kisha inafutika. Na kijana mwenye adabu hatatafsiri maneno ya chumbani mbele ya baba mkwe. Atasema “wanasalimiana”. Nyanya aliyeketi pale anaijua hadithi iliyo safi kuliko ile iliyoandikwa, na siku mimba inapojitokeza anauliza, kwa haki kabisa, imetoka wapi.

Jambo moja linalowaletea lawama wauzaji bila kosa lao: ukungu unaofunika glasi au sigara mkononi mwa mhusika wa Kituruki. Si nakala mbovu. Sheria za utangazaji za Uturuki zinakataza kuonyesha tumbaku na pombe waziwazi, kwa hiyo ukungu huo ulitiwa kulekule kabla picha haijavuka mpaka. Kubadilisha flashi hakutauondoa.

Saa, mvua na umeme

Hapa tupite haraka. Lubumbashi, kama Goma na Bukavu, iko saa mbili mbele ya saa ya kimataifa ambayo vituo vya Kifaransa huitangaza kwa herufi TU au GMT. Kinshasa iko saa moja mbele. Tangazo likisema 19h TU, Kinshasa ni saa mbili usiku na Lubumbashi ni saa tatu. Satelaiti inarusha kwa wote kwa dakika ileile, kwa hiyo shangazi wa Kinshasa hakutangulii. Saa ya ukutani ndiyo inayotofautiana. Akikuandikia “inaanza saa mbili” naye anahesabu kwa saa yake, ongeza moja.

Kati ya Novemba na Machi mvua nene ya jioni hukata mawimbi ya antena ya sahani kwa dakika kumi, ishirini, na delestaji, yaani ukataji wa umeme kwa zamu, nayo haina ratiba ya kuaminika. Anayekosa dakika ishirini katikati ya epizodi ya dakika 45 amekosa karibu nusu. Vituo vingi vya tamthilia hurudia epizodi kesho yake asubuhi au mchana. Tafuta marudio kabla ya kuuliza jirani, kwa maana jirani atakueleza na kesho yake pia.

Flashi

Nakala za flashi na za kadi ya memori si halali, hilo linajulikana, lakini kwa watazamaji wengi ndizo mlango wa kuingilia, kwa hiyo inafaa kujua zinavyoharibika. Tatizo la kwanza ni mpangilio. Mafaili yakiitwa “Ep 1, Ep 2 … Ep 10, Ep 11”, televisheni nyingi huyapanga kwa herufi wala si kwa hesabu: baada ya 1 inacheza 10, kisha 11, 12 hadi 19, ndipo 2, halafu 20. Mtu anaona ndoa kabla ya uchumba na kusema mwandishi amechanganyikiwa. Dawa ni kuyapa majina upya kwenye kompyuta kwa tarakimu zinazolingana: 001, 002, 010, 100. Kazi ya robo saa.

Tatizo la pili ni pengo. Epizodi ya dakika 45 yenye picha ya kawaida huchukua megabaiti 150 hadi 300. Ukiona moja ina megabaiti 40 tu kati ya wenzake wa 200, haikumaliza kupakuliwa, itasimama katikati. Pitisha jicho kwenye ukubwa wa mafaili palepale kwa muuzaji, kabla ya kulipa. La tatu ni mchanganyiko wa nakala: muuzaji alikosa namba 41 hadi 50 za Kifaransa, akajaza kwa zile ndefu za Kituruki. Hapo sauti inabadilika, na hadithi inaruka mbele kwa kishindo, kwa sababu epizodi ndefu ya 41 iko mbali sana mbele ya kipande cha 41. Ukikutana na hali hiyo usiendelee kutazama. Umeshafichuliwa mambo mengi, na mengine yanakuja.

Lawama zinazompasa mwandishi, na zisizompasa

Maoni yanayorudiwa kuliko yote ni kwamba tamthilia za Kituruki zinaburuta miguu: watu wanatazamana, muziki unapanda, hakuna anayesema neno. Ni kweli, na sababu yake ni hesabu. Dakika 130 kila wiki, kwa wiki 35 hivi za sezoni, ni karibu sawa na filamu ndefu moja kila siku saba. Waigizaji wanapiga picha siku sita ili epizodi irushwe ya saba, na maandishi mengine yanafika wakati taa zimeshawashwa. Kutazamana kwa dakika mbili hakuhitaji maandishi. Anayechukia ukimya huo ana haki ya kuuchukia, ila asiuite uvivu.

India wana njia yao: tukio moja, nyuso sita, kila uso unakaribiwa mara tatu na ngurumo. Tamthilia inayorushwa karibu kila siku kwa miaka haina mwisho uliopangwa, kwa hiyo njia ya kuifufua ni kuruka miaka. Kumkum Bhagya ilianza 2014 na Abhi na Pragya. Imeruka muda zaidi ya mara moja, na uzito wa hadithi ukahamia kwa watoto wao. Mtazamaji aliyeingia baada ya mruko na yule wa mwanzo wanapojadili “wahusika wakuu” hawazungumzii watu walewale. Kwa maoni yetu, tamthilia iliyoruka miaka ishirini ihesabiwe kama tamthilia nyingine, na anayeanza aambiwe wazi aanzie wapi.

Mabadiliko ya sura nayo yana sababu zake. Katika Muhteşem Yüzyıl, Meryem Uzerli aliyekuwa Hürrem aliondoka mwaka 2013, na sezoni ya mwisho Hürrem akawa Vahide Perçin. Hadithi ilimfanya mama mtu mzima ili pengo lifunikwe. Wapo wanaosema walipoteza hamu siku hiyo, wapo wanaoona Hürrem wa pili ana uzito zaidi. Huo ni mjadala mzuri kabisa, wenye ushahidi pande zote mbili. Lakini swali la “kwa nini mwandishi alimbadilisha tabia ghafla” linaanzia mahali pasipo sahihi, kwa sababu mtu aliyeondoka kazini hakuombwa na mwandishi.

Lubumbashi ina mazoea yake ya kutazama. Kundi la Mufwankolo lilizoesha mji huu michezo ya Kiswahili isiyosomwa kwenye karatasi: waigizaji walikubaliana juu ya mwendo wa hadithi, kisha maneno wakayatoa wenyewe jukwaani, redioni na kwenye televisheni. Mtazamaji wa mchezo wa namna hiyo anajua kwamba kicheko chake kinaweza kumrefusha mhusika. Labda ndiyo maana hapa watu huongea na skrini. Tamthilia ya Kituruki nayo ilisikiliza watazamaji, ila wa kwake: vipimo vya watazamaji wa Uturuki, wiki baada ya wiki. Inapofika kwetu mara nyingi imeshaisha. Kumtukana mama mkwe kunapunguza joto la moyo tu.

Kutoa maoni bila kuharibu

Anza kwa kusema umefika wapi, na usitumie namba. Tumia tukio: “niko pale alipotoka gerezani”, “harusi ya pili bado”. Tukio ni lilelile katika nakala zote, iwe ndefu au iliyokatwa. Halafu taja umetazama kwa sauti gani. Baada ya hapo sema unalaumu au kusifu kitu gani hasa: hadithi, mwigizaji, tafsiri au ukataji. “Ni mbaya” inabeba vyote vinne, na kila msikilizaji atachukua kimoja na kukupinga nacho.

Aliye mbele ndiye mwenye mzigo wa kunyamaza. Kusema “ngoja tu uone” nako ni kufichua, kwa kuwa anayesikia ataacha kumwamini yule mhusika mpole. Ukitaka kuzungumza na aliye nyuma, muulize anadhani nini kitatokea, kisha usibadilishe uso. Hili la uso ni gumu. Kwenye ujumbe wa sauti ni rahisi zaidi, ila kicheko kinasikika.

Bashiri zitengwe na ulichoona. Nusu ya “habari” zinazozunguka juu ya tamthilia ni bashiri ya mtu mmoja iliyopita midomo mitatu ikapoteza neno “nadhani” njiani.

Mwisho uliokuja mapema

Tamthilia ya Kituruki ikikosa watazamaji nyumbani, kituo kinaweza kuifunga katikati ya sezoni, na mwandishi anapewa wiki chache tu kufunga kila kitu. Dalili zake ni hizi: mtu aliyetoweka muda mrefu anarudi, siri tatu zinatoboka katika epizodi moja, mwovu anakufa kwa ajali ya gari. Mwisho wa namna hiyo ni wa kweli hata kama hauridhishi, na kumrudia muuzaji kudai “sezoni ya tatu” hakusaidii, haikutengenezwa.

Mwisho wa uongo upo pia, na unatambulika. Epizodi ya mwisho ya Kituruki kwa kawaida hubeba neno Final pembeni ya skrini au mwishoni mwa picha. Katika nakala iliyokatwa neno hilo huwa kwenye kipande cha mwisho cha epizodi ile ndefu. Kama faili lako la mwisho linakatika mhusika akiwa bado hospitalini na neno hilo halionekani popote, kuna kipande kimoja au viwili muuzaji hakukutilia. Rudi naye aangalie folda yake. Mara nyingi vipo, vilikosa nafasi tu kwenye flashi.